Dawati la Kuomba Taarifa za Serikali, Kinondoni: Huduma Inayostahili Kujulikana

Asasi moja ya kiraia hapa Kinondoni ina dawati linalowasaidia wananchi, bila malipo, kuomba taarifa katika ofisi za umma chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Nilikwenda kwa ajili ya mtaro wa maji ya mvua ulioanza kujengwa mtaani kwetu kisha ukatelekezwa. Dada aliyenipokea aliisoma barua yangu, akakata kwa penseli aya nzima ya malalamiko, akabakiza mambo matatu tu: nakala ya mkataba, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kukamilika kwa kazi. Alisisitiza nisiondoke masjala bila nakala yangu kugongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa ofisi ina siku 30 za kujibu na bila tarehe hiyo mwombaji hana pa kushika. Ushauri huo pekee unatosha kuipa huduma hii alama za juu.

Jibu lilikuja na kiasi cha fedha, lakini bila mkataba. Dawati likanisaidia kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi husika, nami bado nafuatilia.

Kinachonisikitisha ni kwamba kampeni yao husikika zaidi Septemba 28, siku ya kimataifa ya haki hii, tena katika kumbi za hoteli, ilhali wakazi wa Mbagala na Gongo la Mboto, wanaohitaji sana huduma hii, hawajui hata kwamba dawati lipo. Walipeleke kwenye mikutano ya serikali za mitaa.