RAC ya BOINC: wastani unaochelewa, na namna ya kuusoma

BOINC ni programu inayoiwezesha kompyuta yako kukokotoa kazi za miradi ya kisayansi kwa kujitolea, na kazi hizo hulipwa kwa pointi. Ukishajiunga na mradi wowote wa BOINC, unaonyeshwa namba mbili. Ya kwanza ni jumla ya pointi zako tangu uanze. Ya pili ni RAC, wastani wa pointi za hivi karibuni, na hiyo ndiyo inayowasumbua watu. Mashine imekokotoa usiku kucha, mbona wastani hausogei? Umeme umekatika siku tatu tu, mbona wiki nzima imepita na namba haijarudi pale ilipokuwa? Tunaipima hapa RAC kama kifaa kingine chochote: inapima nini, wapi inapotosha, na ni kazi gani inaimudu vizuri.

Tuanze na pointi yenyewe. Kipimo chake huitwa Cobblestone, jina lililotokana na Jeff Cobb wa mradi wa SETI@home. Kompyuta ya rejea yenye uwezo wa kufanya hesabu bilioni 1 za desimali kwa sekunde, kwa kipimo cha Whetstone, hupata pointi 200 ikikokotoa kwa saa 24. Prosesa yenye viini 4, kila kimoja kikiwa na uwezo wa bilioni 4, ingestahili 4 × 4 × 200, yaani pointi 3,200 kwa siku. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kila mradi una mkono wake katika kugawa, na tutalirudia hilo.

RAC haichukui pointi za wiki na kuzigawa kwa 7, ingawa wengi hudhani hivyo. Kila pointi inaingia kwenye wastani ikiwa na uzito wake, na uzito huo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7. Kwa hiyo mashine mpya ya pointi 3,200 kwa siku itasoma takriban 1,600 mwisho wa wiki ya kwanza, 2,400 wiki ya pili, 2,800 ya tatu, 3,000 ya nne. Wiki ya sita itafika 3,150. Anayebadilisha mipangilio leo na kuangalia RAC kesho kutwa anasoma habari za mwezi uliopita. Subiri wiki nne, ikiwezekana sita, na katikati usiguse kitu.

Kushuka kunafuata njia hiyo hiyo. Siku 1 bila pointi hukata asilimia 9.4, kwa hiyo 3,200 inakuwa karibu 2,900. Siku 3 zinaishusha hadi karibu 2,380, na wiki nzima hadi 1,600. Mashine ikiwaka tena, pengo nalo huzibika kwa nusu kila wiki. Aliyepoteza umeme siku 3 atakuwa bado yuko chini kidogo ya 2,800 wiki moja baadaye, hata kama kila kitu kinaenda sawasawa. Hapo hakuna kilichoharibika.

Kuna jambo linalochanganya hata wenye uzoefu. Pointi zikiingia mara tu baada ya nyingine, kila pointi 100 huinua RAC kwa karibu 9.9 papo hapo. Chukua mashine yenye RAC 1,000 iliyokaa siku 7 bila kupewa pointi kwa sababu matokeo yake yalikuwa yanasubiri kuthibitishwa. Kisha kazi 7 za pointi 1,000 kila moja zikathibitishwa ndani ya dakika moja. Kazi ya kwanza inahesabiwa kwa wiki nzima iliyopita: 1,000 imeshuka hadi 500, inaongezewa 71, inakuwa 571. Sita zinazobaki zinaongeza 99 kila moja. Mwisho RAC inasoma karibu 1,165, wakati kazi halisi ya mashine ni ile ile ya pointi 1,000 kwa siku. Kesho yake inaanza kuteremka, na mwenye mashine anaanza kutafuta hitilafu ambayo haipo. Miradi yenye kazi ndefu, za siku kadhaa kila moja, huchora meno ya msumeno namna hii muda wote.

Na seva hukokotoa RAC upya pale pointi mpya zinapoingia. Mashine iliyozimwa hushushwa na programu ya seva inayopita kwa vipindi, kwa hiyo inaweza kubaki na namba nzuri ya zamani kwa muda. Tovuti za takwimu kama BOINCstats huchukua data kwenye faili ambazo miradi huzitoa kwa vipindi vyake, ndiyo maana namba zao na za mradi hazilingani saa ile ile.

Basi RAC ikishuka kwa kweli, fungua ukurasa wa kazi zako kwenye tovuti ya mradi kabla ya kugusa kompyuta. Hesabu zilizothibitishwa, zinazosubiri, zenye hitilafu na zilizopitwa na muda. Kama nyingi zinasubiri, tatizo liko kwa mwenzako: miradi mingi hutuma kazi ile ile kwa mashine mbili, na pointi hazitoki mpaka majibu yalingane. Mwenzako akichelewa mpaka tarehe ya mwisho, kazi hutumwa kwa mtu wa tatu na wewe unaendelea kungoja. Pointi hizo hazijapotea.

Zikiwa nyingi zina hitilafu, shughulika haraka, maana seva nayo hupunguza idadi ya kazi inayokupa kwa siku. Joto ndilo la kushukiwa kwanza, hasa kwenye laptop. Ondoa vumbi kwenye feni, kisha punguza idadi ya viini vinavyotumika, mfano asilimia 75 badala ya 100. Hilo ni afadhali kuliko kupunguza asilimia ya muda wa prosesa, kwani mpangilio huo huwasha na kuzima kazi mfululizo, na joto hupanda na kushuka. Mashine iliyoongezwa kasi kupita kiwango cha kiwandani irudishwe kwenye kiwango chake.

Zilizopitwa na muda karibu zote ni uchu wa mwenye mashine. Akiba ya kazi za siku 10 kwenye kompyuta inayowashwa saa 5 kwa siku inaweza isiishe kwa wakati. Weka akiba ya siku 0.5, na ya ziada 0.1. Pia angalia kama BOINC inasimama ukiwa unatumia kompyuta au ikiwa kwenye betri. Ukizima kabla kazi haijahifadhi hatua yake, inaanzia pale ilipohifadhi mara ya mwisho, na saa zilizopita katikati hazilipwi.

Pale RAC isipofaa kabisa ni kulinganisha miradi. Tangu 2010 BOINC ina mfumo wa CreditNew unaojaribu kusawazisha pointi, lakini miradi haikulazimika kuufuata. Einstein@Home hutoa pointi maalumu kwa kila aina ya kazi, PrimeGrid huongeza bonasi kwa kazi ndefu, na World Community Grid ina pointi zake ambapo 7 ni sawa na 1 ya BOINC. Kadi ya michoro ya kawaida inaweza kuizidi prosesa mara nyingi sana kwenye mradi wenye programu yake. Anayehama mradi kwa sababu RAC ya huko ni kubwa hajaongeza sayansi yoyote kwa kuhama tu.

Kwa kulinganisha mashine mbili ndani ya mradi mmoja, zenye aina moja ya kazi, zikiwa zimeshatulia wiki sita, RAC ni kifaa kizuri na tunaipendekeza. Kwa kupima badiliko la leo, iache. Chukua kazi 20 za aina moja zilizothibitishwa, jumlisha pointi zake, gawa kwa jumla ya saa zilizotumika, zidisha kwa 24, kisha kwa idadi ya kazi zinazoendeshwa kwa pamoja. Jibu hilo utalipata baada ya siku mbili tatu, na ndiko RAC itakakoelekea ikiwa kompyuta haizimwi.