Niliuza spika za studio kupitia tangazo la mtandaoni, Kisumu: yaliyonikuta

Karo ya binti yangu ndiyo iliyozishusha spika zile kutoka juu ya kabati la vitabu. Ni Rogers LS3/5A, nilizoachiwa na baba mdogo aliyezinunua Uingereza enzi za masomo yake. Niliziuza kupitia soko moja la mtandaoni, na kwa kuwa mafundi wawili wa redio hapa mjini wameniuliza mambo yalikwendaje, acha niandike mara moja.

Shida ilianza na kitu chenyewe. LS3/5A ilibuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje (yale yanayorushwa kutoka nje ya studio), ambamo spika kubwa haiingii. Hiyo 3 kwenye jina ndiyo maana yake: matangazo ya nje. Rogers ilikuwa mojawapo ya kampuni zilizopewa leseni ya kuziunda. Kimo chake ni sentimita 30 tu. Ukiiweka kando ya sabufa ya matatu utadhani ni redio ya mlinzi. Besi ya kutikisa madirisha haina. Ilichonacho ni sauti ya mtu. Msomaji wa taarifa ya habari akivuta pumzi kabla ya sentensi, unaisikia ile pumzi.

Sasa nenda ukalieleze hilo kwenye tangazo. Fomu ya soko lile ilitaka wati, idadi ya spika na kama kuna bluetooth, na bila kujaza hivyo haikubali kuendelea. Nikajaza “hapana” mpaka nikaona haya. Nililipa shilingi 1,500 tangazo lipandishwe juu kwa wiki mbili, nikaweka bei ya 160,000. Chini ya picha zangu wao wakapanga sabufa mpya za 6,500, eti bidhaa zinazofanana.

Simu zilikuja, siwezi kudanganya. “Boss, mwisho ngapi?” “Hiyo bei ni ya spika ama ya nyumba?” Mmoja alinipa 4,000 na akasema kwa wema kabisa kwamba anakuja kunipunguzia mzigo.

Siku ya tano akatokea mwungwana aliyekubali bei yote bila kubishana, jambo ambalo lilitosha kunishtua. Akataka nizipeleke kwenye basi la usiku la kwenda Nairobi, pesa anatuma. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia kweli, wenye maandishi yote yanayostahili. Ila ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina MPESA, na salio lililoandikwa mwishoni halikuwa langu. Nikaangalia salio mwenyewe: hakuna kitu. Nilipompigia akaniita mzee mkorofi. Niliripoti namba yake kwa wenye soko, wakanijibu baada ya siku nane, na jibu lilikuwa asante.

Kabla ya tangazo nilikuwa nimempelekea fundi mmoja karibu na soko la Kibuye azikague. Kijana stadi, mita yake haimtoki mkononi. Alipotoa kitambaa cha mbele akaona vipande vyeusi vya kitambaa kinene vinavyoizunguka twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, akachukua bisibisi. “Mzee, hawa walisahau kutoa hizi za kufungia.” Nilimshika mkono! Vile vipande vimewekwa makusudi, kunyonya sauti inayogonga kingo za kasha na kurudi kuivuruga ile halisi. Ukiving'oa umebaki na sanduku la mbao. Tukacheka, akanitoza 500.

Aliyenunua alitoka Nakuru, mwalimu mstaafu wa kwaya. Hakuuliza wati. Aliuliza namba za nyuma, nikamtumia picha: namba ni moja, spika moja ina A na nyingine B, yaani ni jozi moja, na zote zimeandikwa ohmu 15, kipimo cha ukinzani wa umeme. Alifika Jumamosi na amplifaya yake ndani ya kiondo, akaomba tuweke redio, si muziki. Habari za saa saba. Alifumba macho, na mke wangu, aliyekuwa jikoni, akauliza tuna mgeni gani anayeongea sana hivyo.

Tulipatana 135,000. Alituma tukiwa tumekaa, nikasubiri salio langu libadilike ndipo nikatafuta katoni. Kwenye matatu ya Nakuru alilipia viti viwili, spika zikakaa dirishani zimefungwa mkanda.

Kwa hiyo tangazo lilinifikisha kwa mtu ambaye nisingempata hata ningezunguka Kisumu mwezi mzima, na hiyo 1,500 sijutii. Ila nimebonyeza “imeuzwa” mara tatu na tangazo bado liko hewani. Jana usiku kuna mtu ameuliza mwisho ngapi.