Emejensi ya hospitali moja hapa Dar, wanaanza na aliyezidiwa

Juzi usiku nilimkimbiza mama kifua kinambana, tukakuta foleni mpaka nje. Nesi wala hakuuliza nani kawahi, akambana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni, akampima presha, akahesabu pumzi, fasta akambandikia rangi ya chungwa kwenye faili tukaingizwa ndani. Ni mfumo uliotoka Afrika Kusini wa kupanga wagonjwa kwa rangi kulingana na walivyozidiwa, nyekundu unahudumiwa hapohapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano lisaa, kijani hata masaa 4. Kaka mmoja kavunjika kidole akalalamika sana kwamba yeye ndiye kafika kabla yetu, na namuelewa maana hakuna aliyemweleza utaratibu. Hapo warekebishe jamani, wabandike hata karatasi ukutani. Ila wale manesi Mungu awabariki, mama yupo nyumbani anakunywa uji.