ScratchJr: kishikwambi kimoja, dereva na konda

ScratchJr ni programu ya bure inayomfundisha mtoto wa miaka 5 hadi 7 kupanga maagizo ya kompyuta hata kama bado anasoma kwa kukwamakwama. Maagizo ni vipande vya rangi vyenye picha. Unavipachika kimoja baada ya kingine, kushoto kwenda kulia, na kinachotoka ni hadithi inayotembea kwenye skrini. Ilitoka kwa iPad mwaka 2014, Android ikafuata 2015. Walioitengeneza ni timu ya Marina Umaschi Bers aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani, kikundi cha Mitchel Resnick kwenye chuo cha MIT hukohuko, na kampuni ya Playful Invention Company. Haina matangazo, haidai akaunti, haiuzi kitu ndani yake, na ukishaipakua haili bando. Programu za watoto zenye sifa zote nne ni za kutafuta kwa tochi.

Kikwazo ni kifaa. Imetengenezwa kwa ajili ya kishikwambi cha inchi 7 kwenda juu, wala si simu. Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Kenya, serikali ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali shule za msingi mwaka 2016. Kwa hiyo mara nyingi skrini ya kutosha iko shuleni, na nyumbani mtoto anakuta simu ya mama. Mwalimu anayetaka kuitoa kama kazi ya nyumbani kwa darasa zima ajue atakwama siku ya kwanza. Njia ya kuzunguka hilo ipo, tutaifikia.

Ili kuijaribu ipasavyo, tengeneza mbio za Sungura na Kobe. Gusa alama ya kujumlisha, mradi mpya unafunguka na paka amesimama jukwaani. Mbonyeze bila kuachia mpaka alama nyekundu ya X itokee, mwondoe. Sungura yumo kwenye orodha ya wahusika. Kobe mchore mwenyewe kwa kitufe cha brashi, na usihangaike na uzuri: mtoto akichora duara la kijani lenye miguu minne, huyo ni kobe. Kisha washa gridi. Jukwaa linajigawa safu 20 kwa upana na 15 kwa kimo, na hapo ndipo hesabu inapoanza bila mtu kuitaja.

Wote wawili waweke safu ya 2. Sungura apate bendera ya kijani, kasi ya juu, kulia 8, kusubiri 50, kulia 8. Kobe apate bendera ya kijani, kasi ya chini, kulia 16. Kusubiri huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 50 ni sekunde 5 za usingizi wa Sungura. Kama bado Sungura anashinda, usimpe mtoto jibu. Muulize alale muda gani zaidi, aweke namba, agonge bendera, atazame. Kukisia, kujaribu, kurekebisha: hicho ndicho programu hii inachofundisha, na inakifundisha vizuri kuliko kitabu chochote cha mazoezi. Namba nyingine zina utamu wake. Kipande cha kugeuka kinahitaji 12 kukamilisha mzunguko, kama saa ya ukutani. Kwenda kulia 20 kunamtoa mhusika ukingo mmoja na kumwingiza upande wa pili hadi pale alipoanzia, na watoto huona huo ni uchawi.

Makosa hujirudia kwa watoto karibu wote. La kwanza ni kusahau kipande cha njano cha kuanzisha, kile chenye bendera ya kijani. Ukigusa mnyororo wa vipande moja kwa moja, unafanya kazi hata bila bendera, hivyo mtoto anaamini amemaliza. Akigonga bendera juu, mhusika hatikisiki, naye analaumu kishikwambi. La pili ni kumrudisha mhusika kwa kidole. Pale unapomwachia ndipo programu inapopachukua kuwa mwanzo wake mpya, kwa hiyo baada ya majaribio matano Sungura ameshaibiwa safu tatu na mbio hazina haki tena. Atumie kitufe cha kuwarudisha wahusika. Halafu kuna mhusika anayekwenda mshazari bila kuagizwa: ana minyororo miwili inayoanza na bendera ileile, mmoja unampeleka kulia na mwingine juu, na yote inakimbia kwa pamoja. Hilo si la kufuta haraka. Mwache alifurahie kwanza. Bahasha za ujumbe, yaani vipande ambavyo mhusika mmoja hutumia kumwita mwingine, nazo lazima zilingane rangi, ya kutuma na ya kupokea, la sivyo mhusika wa pili anabaki kama hakuitwa.

Kipande kinachostahili sifa kubwa kuliko vyote ni cha kijani cha kurekodi sauti. Mtoto asiyejua kuandika hana haja ya kuandika, na hapa familia inaingia kwa mlango wa mbele. Bibi anasimulia ngano, mjukuu anarekodi vipande vifupi, kila sauti inakaa kwa mhusika wake. Mradi mmoja una kurasa nne tu. Mwanzoni zinaonekana chache, ila mipaka hiyo inamlazimisha mtoto kuamua kipi kibaki katika hadithi na kipi kiondoke. Ukiona kurekodi kumegoma, nenda kwenye mipangilio ya kifaa: kuna mtu alikataa ruhusa ya maikrofoni programu ilipoomba.

Sasa ile njia ya kuzunguka. Kutuma mradi kutoka kifaa kimoja kwenda kingine kunawezekana kwa barua pepe, na iPad kwa iPad kwa AirDrop, njia ya Apple ya kurushiana mafaili kwa karibu, lakini kishikwambi cha shule kisicho na akaunti ya barua pepe hakitumi kitu kwa barua pepe. Sehemu hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa programu iliyokusudiwa watoto wanaoishi kati ya nyumba na darasa, ni kasoro kubwa. Kwa hiyo safirisha karatasi. Mwalimu agawe karatasi yenye visanduku vinne, kimoja kwa kila ukurasa. Nyumbani mtoto asimuliwe hadithi, achore, na mkubwa aandike chini ya kila kisanduku nani anasema nini. Shuleni wanaijenga. Ikikamilika, mwalimu airekodi skrini kwa simu na kuituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Hata mzazi asiye na kishikwambi anaona kazi ya mwanawe na kusikia sauti yake.

Kama kifaa kipo nyumbani, wagawanye kazi kama kwenye daladala. Dereva ndiye pekee anayegusa skrini. Konda anasema wapi pa kwenda na kuangalia makosa. Wabadilishane kila baada ya dakika 10. Mzazi au kaka mkubwa awe konda zaidi ya dereva, kwa sababu mkubwa akishashika usukani, mtoto anageuka abiria na kuanza kuchungulia dirishani. Watoto watatu kwa kifaa kimoja bado inawezekana. Wanne, mmoja atapigana na mwenzake.

Kwa darasa la awali hadi la pili, ipakue bila kusita. Aliyefika la tatu ataichoka mapema; mpe Scratch yenyewe, programu mama ya watoto wakubwa zaidi, ambayo unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Ila kwenye kifaa cha wengi, fundisha mapema kutaja miradi: gusa kona ya njano juu kulia, andika jina la mtoto. Kubonyeza kwa muda mrefu kunakoondoa mhusika ndiko kunakofuta mradi mzima wa mwenzako. Na kishikwambi kikijaa, futa video kwanza. Ukiiondoa ScratchJr yenyewe, miradi yote inaondoka nayo.