TAHADHARI: "Mwalimu" wa ribriza anauza seli zilizokufa. Wafikishieni watu kabla ya Ijumaa

Ndugu wazamiaji, yule jamaa tuliyemsifia wenyewe mwezi uliopita ni tapeli. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kachukua milioni 3 na laki 6, malipo ya awali ya kozi ya dekompresheni (kupanda juu kwa vituo) kwa ribriza, ile mashine inayosafisha pumzi yako na kukurudishia uivute tena, na juu yake laki 7 na 80 za seli tatu za oksijeni, vipimo vinavyoiambia mashine oksijeni ni kiasi gani, "mpya, hazijafunguliwa". Pesa zinauma. Lakini seli zile zingetoa roho ya mtu, na tulizitazama kwa macho yetu tukaridhika. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Meza ilikuwa moja, watu wanne wameizunguka, wala hakuna hata mmoja aliye mgeni wa mitungi. Aliifungua mashine taratibu, akapaka oringi grisi ya oksijeni moja moja, akajaribu vali mbili za mdomoni kwa kupuliza upande huu na kuvuta upande ule. Akafunga lupu, yaani mzunguko wa mabomba ya kupumulia, akanyonya hewa yote mpaka mabomba yakajikunja, akaiacha dakika nzima: hayakulegea. Akajaza mapafu ya mashine mpaka vali ya kutolea hewa ikalia, akaiacha tena. Akabana pua, akapumua kwenye lupu dakika 5 kamili kwa saa, macho hayabanduki kwenye skrini. Jamani, hivyo ndivyo inavyotakiwa! Tungemshuku kwa lipi?

Kisha akaingiza seli zake tatu, akafuliza oksijeni, yaani akaipitisha mpaka hewa nyingine yote ikatoka na namba zikatulia, akabonyeza kalibresheni, kuisawazisha mashine na seli. Skrini ikaandika 0.98, 0.98, 0.98, yaani shinikizo la oksijeni kwa bar. Akaigeuza kwetu: "Haya, jioneeni wenyewe, mapacha watatu." Tukajionea. Simu zikatolewa, pesa ikatumwa palepale.

Sasa itazameni vizuri namba ile. Unapofanya kalibresheni kwenye oksijeni, wewe ndiye unayeiambia mashine kwamba umeme huu mdogo unaotoka kwenye seli uhesabiwe 0.98. Mashine inatii. Seli nzima itaandika 0.98, na seli inayokata roho itaandika 0.98. Ukweli umo kwenye milivolti, na ukurasa wa milivolti hakuufungua hata mara moja.

Zilipopimwa kesho yake, kwenye hewa ya kawaida zilitoa milivolti 9.4, 9.1 na 10.2. Hapo hakuna kasoro, seli nzuri huwa kati ya 8 na 13. Zidisha kila moja kwa 4.67, yaani 0.98 ugawe kwa 0.21 ya hewa ya kawaida, upate kinachotakiwa kwenye oksijeni: karibu 43.9, 42.5 na 47.6. Tulichopata ni 36, 34 na 47. Mbili zimechoka, moja ndiyo nzima. Handseti ile, skrini ya mkononi ya mashine, inakubali chochote kuanzia milivolti 30 hadi 70, kwa hiyo ilizipitisha zote bila kulalamika.

Na uchovu wa seli ni wa hila. Chini inasoma sawa, juu inagonga dari. Seli ya milivolti 36 ambayo dari lake ni 40 haiwezi kuandika zaidi ya 1.09 hata ukiizamisha kwenye oksijeni tupu. Weka setipointi (kiwango cha oksijeni unachoiagiza mashine ishike) 1.3 ukiwa mita 40: mashine inaona 1.09, inafungua solenoidi, vali ya umeme ya oksijeni, inaongeza oksijeni, bado inaona 1.09, inaongeza tena. Seli ya tatu inapiga kelele 1.6, 1.8, lakini kompyuta inafuata mbili zinazokubaliana na kuitupa ile inayosema kweli. Degedege la oksijeni iliyozidi linaweza kuja bila dalili yoyote. Mdomo unaachia, maji yanaingia, basi.

Ndiyo maana mazoezi yake yote yalikuwa mita 3 kwa setipointi 0.7! Kwenye 0.7 seli mbovu inaonekana nzima. Angetushusha mita 6 na kufuliza oksijeni, lupu lingepaswa kukaribia 1.6, na angeumbuka hapohapo.

Nyingine ni chokaa, ile inayosafisha kabonidioksidi kwenye pumzi. Alijaza kanista kilo 2 na nusu kutoka kwenye ndoo iliyokwisha funguliwa, akasema bado nyeupe kwa hiyo bado nzima. Uongo. Chokaa ya soda yenye rangi ya kiashirio hugeuka zambarau ikichoka, ikilala usiku kucha hurudia weupe wake. Rangi haithibitishi kitu siku ya pili. Na punje zenyewe zilikuwa nene, za mashine za usingizi za hospitali, si za kuzamia ambazo ni milimita 1 hadi 2.5. Punje nene zinaacha njia katikati, pumzi chafu inapita bila kusafishwa, na mtu aliyelewa kabonidioksidi mita 40 hawezi hata kukumbuka kuhamia mdomo wa mtungi wa dharura.

Mtungi wa dharura? Alisema diluenti, mtungi wa hewa ya kuchanganyia uliomo kwenye mashine, inatosha. Lita 3 kwa bar 200 ni lita 600 za hewa. Mita 40 ni bar 5, mtu mwenye hofu anavuta lita 30 kwa dakika, jumla 150. Dakika 4! Kabla hujafika kituo cha kwanza cha deko umeshamaliza. Mtungi wa lita 11 unakupa karibu dakika 15 pale chini, na hata huo unapigiwa hesabu ya kituo kwa kituo.

Mtasema mlitakiwa kujua. Kweli. Lakini alituahidi Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg tarehe 20 Septemba 1914 nje ya Mji Mkongwe, inayolala kama mita 40. Alizungumzia mkondo wake, akajua hata kwamba hewa ikiwa diluenti, kufuliza mita 40 lazima kusome 1.05. Hesabu ni sahihi kabisa. Tapeli aliyesoma ni mbaya kuliko asiyesoma.

Dalili zilikuwepo: tarehe za kutengenezwa zimekwanguliwa kwenye seli, mbili kati ya tatu. Kadi aliyotuma ni picha tu, tena ya mashine ya aina nyingine, na cheti cha ribriza hutolewa kwa mashine moja moja. Risiti hakuna. Namba ya mashine alikataa isipigwe picha.

Huyu asiachiwe arudishe pesa halafu yaishe kienyeji! Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na taarifa iko polisi tayari. Waliomlipa nendeni mkaandikishe, kila mtu na ujumbe wake wa malipo, na barua iende Kamisheni ya Utalii. Mwenye boti akimpakia tena, naye aulizwe. Mitungi yake isijazwe popote kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi.

Mwenye seli alizonunua kwake azipime leo: milivolti hewani, milivolti kwenye oksijeni, gawanya ya oksijeni kwa ya hewani. Ukipata chini ya 4.5, itoe hiyo seli kwenye mashine.

Ijumaa anaingia majini na wanafunzi wawili wapya, mmoja ni kijana wa Paje. Mwenye namba zao awapigie usiku huu.