M87* na Sagittarius A*: shimo jeusi lipi noma zaidi?

Picha za haya mashimo meusi mawili (vitu vizito angani ambavyo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake) ukiziweka pembeni kwa pembeni ni kama andazi la moto lenye tundu katikati, tofauti huioni, lakini ngoja kwanza.

M87* ndo ile ya Aprili 2019, picha ya kwanza kabisa ya shimo jeusi. Uzito wake kama jua letu mara bilioni 6.5, liko miakanuru milioni 55 hivi (mwakanuru ni umbali mwanga unaosafiri kwa mwaka mmoja), galaksi nyingine kabisa. Na linatema mchirizi wa gesi wa miakanuru elfu kadhaa, jamani!

Sagittarius A* ni la kwetu, katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, lina uzito wa jua milioni 4 tu, yaani dogo karibu mara 1,600, ila liko karibu kama mara 2,000, ndo maana angani yanaonekana saizi karibu sawa. Sasa ungedhani la jirani ndo rahisi kupiga picha, wapi! Gesi ya M87* inachukua siku hadi wiki kulizunguka, linatulia kama bibi harusi, hili letu gesi inazunguka kwa dakika tu, ni kama kumpiga picha mtoto asiyekaa. Data za yote mawili zilichukuliwa Aprili 2017 ila picha ya hili letu ikatoka Mei 2022.

Mimi nachagua la kwetu. Mwezi wa saba usiku, mbali na taa za mji, angalia kundinyota la Mshale (Sagittarius), liko huko, huwezi kuliona lakini unajua unalitazama.