Uzoefu wangu: kisanduku cha blubadi, nguzo yake na mabuu makavu, msimu mzima

Hiki kisanduku cha kutagia blubadi, ndege mdogo wa bluu wa huku Marekani, nimekaa nacho tangu mwezi wa pili mwaka jana, kwa hiyo naandika nikiwa nimeona msimu mzima, maana reviyu nyingi ni za mtu kafungua boksi jana leo katoa nyota tano. Niko North Carolina, karibu na Raleigh, nyuma ya nyumba nina uwanja wa nyasi na misonobari miwili, na blubadi huku wapo mwaka mzima. Kama hujawahi kumwona, dume mgongo wote ni bluu ya kung'aa, kifua rangi ya kutu, tumbo jeupe, jike kafifia kidogo. Siku nilipomwonyesha mama kwenye video, yuko Arusha, akasema si kwezi huyo mwanangu? Na kweli wale kwezi wetu wa kule mgongo bluu tumbo la kutu, ukiangalia haraka unachanganya.

Ila huku kwezi ndo adui jamani. Sio wale wetu, ni kwezi wa Ulaya walioletwa New York mwaka 1890 wakazaana wakajaa bara zima, na shomoro nao waliletwa miaka ya 1850, na wote hao wanataka kutaga kwenye mashimo kama blubadi anavyotaka. Blubadi hawezi kujichimbia shimo mwenyewe, anategemea mti mkavu uliotobolewa na kigogota au sanduku lako wewe. Ndo maana tundu la sanduku ni kila kitu.

Nilianza vibaya. Nilinunua kinyumba kizuri cha rangi nyekundu chenye kijiti cha kutua mbele, nikakifunga kwenye mti, wiki haijaisha shomoro wamehamia. Blubadi hahitaji kile kijiti hata kidogo, kinamsaidia shomoro kukaa pale mlangoni anasumbua. Nikakitupa, nikanunua hiki, dola 34, mbao za mwerezi tupu bila rangi, tundu inchi 1 na nusu kamili (nilipima na rula), kwezi mkubwa hapiti hapo. Shomoro anapita, huyo lazima umfuatilie mwenyewe. Ndani chini ya tundu wamechora mikwaruzo kwenye ubao ili makinda yapate pa kukanyagia wakati wa kutoka, juu kuna matundu ya hewa, chini pa kutokea maji, na ubao wa pembeni unafunguka ukague. Hapo kazi imefanyika kwelikweli.

Sasa kosa langu la pili, na hili bado linaniuma. Nguzo ilikuwa inauzwa kivyake, nikabana hela nikakipigilia kwenye fensi ya mbao. Mwezi wa tatu wakaja, jike akajenga kwa majani makavu ya msonobari, kikombe safi kabisa, akataga mayai manne ya bluu mpauko. Asubuhi moja nafungua hakuna kitu, kiota kimekaa vilevile hakijavurugika, mayai hayapo. Huyo ni nyoka, yule mweusi wa huku anapanda fensi na mti kama anatembea barabarani, angekuwa rakuni, yule mnyama wa huku anayeiba usiku, angevuta kiota chote nje. Dume alikaa juu ya fensi siku mbili akiita. Sikulala vizuri.

Nikanunua nguzo ya chuma laini na bomba la bati la kuzuia, upana kama inchi 8 urefu futi 2, linaning'inia kwenye nguzo chini ya sanduku, nyoka akipanda anaishia ndani ya bomba juu kumezibwa. Vyote dola 45, zaidi ya sanduku lenyewe, na kwa maoni yangu yule muuzaji angetakiwa aandike wazi pale pale kwenye sanduku kwamba bila nguzo usitundike. Nikasimamisha mahali peupe mbali na miti, tundu kama futi 5 kutoka chini, limeangalia uwanja.

Walirudi! Yai la kwanza tarehe 20 mwezi wa 4, kila siku moja mpaka matano, jike akalalia kama wiki mbili, yakaanguliwa yote. Nilikuwa nakagua mara mbili kwa wiki, makinda yakifika siku 12 naacha kabisa kufungua maana yanaweza kuruka kabla hayajaiva. Siku ya 18 nikachelewa kazini kwa makusudi, dume yuko juu ya waya anaita, kinda linatoa kichwa linarudi, linatoa linarudi, halafu paa, likaenda moja kwa moja mpaka kwenye msonobari. La mwisho lilitoka saa 8 mchana. Nililia, sioni aibu kusema.

Kuhusu mabuu makavu ninayowalisha, ni mazuri ila yaloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika kama 10, makavu yenyewe walikuwa wanayaangalia tu. Mbegu usihangaike nazo, hawa wanakula wadudu na matunda ya porini. Weka kiganja kimoja tu kwa siku, hayana kalsiamu ya kutosha, mimi nachanganya na maganda ya mayai niliyoyachoma kwenye oveni nikasaga. Mwanzoni niliweka kwenye sahani wazi kwezi wakamaliza dakika mbili, sasa natumia chombo chenye kuta za vioo na matundu madogo. Napiga mluzi saa 1 asubuhi wanakuja wawili, wanasubiri kwenye waya.

Sanduku nalipatia nyota 4. Nyota moja nimekata kwa skrubu ya mlango, imeshika kutu mvua za kwanza tu ikabidi nibadilishe kwa ya chuma kisichoshika kutu, senti chache tu wangeweza kuweka tangu mwanzo. Nguzo na bomba nyota 5. Makinda yalipoondoka nikatoa kiota cha zamani nikapiga brashi, siku ya tatu jike huyo kaja na jani la msonobari mdomoni, na mpaka leo mama akipiga simu anaanza na "wale kwezi wako hawajambo?" ndo anauliza watoto.